Kabla ya kuvuka nchi ya tornado kwa pikipiki

Mwenye gari akikutwa na dhoruba barabarani walau ana bati na kioo. Mwenye pikipiki hana hata hicho: mvua ya mawe, upepo wa ubavuni, radi na vitu vinavyorushwa vyote vinaishia mwilini mwake. Kwa hiyo usalama wake hautokani na ustadi wa kukwepa. Unatokana na muda, yaani kujua mapema, kusimama mapema, na kuwa tayari ndani ya jengo imara wingu linapofika. Ukishaiona tornado kwa macho, yaani upepo mkali unaozunguka kama mkonga kutoka kwenye wingu la dhoruba hadi ardhini, uliyobakiwa nayo ya kufanya ni machache sana.

Anza na kalenda. Nyanda za kati za Marekani, kutoka Texas kupitia Oklahoma na Kansas hadi Nebraska, hupata tornado nyingi zaidi kati ya Aprili na Juni. Kama tarehe iko mikononi mwako, vuka huko Septemba badala ya Mei. Majimbo ya kusini mashariki, kama Alabama na Mississippi, ni magumu kwa namna nyingine: huko tornado huja hata majira ya baridi, mara nyingi usiku, na miti na vilima huzificha. Huko usiendeshe gizani siku ambayo utabiri unataja dhoruba kali.

Ukishakuwa na tarehe, fuata utabiri. Kituo cha serikali kiitwacho Storm Prediction Center, kilichoko Norman, Oklahoma, hutoa ramani za hatari ya dhoruba hadi siku 8 mbele. Ramani za siku za karibu hupangwa kwa ngazi 5. Kuanzia ngazi ya 3, siku hiyo pumzika au zungukia njia nyingine. Ngazi ya 1 na ya 2 zinaruhusu kusafiri asubuhi, lakini zisikulaze usingizi: maana yake ni kwamba dhoruba zitakuwa chache au zimetawanyika, si kwamba hiyo moja itakayokuangukia itakuwa ndogo.

Ratiba ya siku nayo ina uzito wake. Joto la mchana ndilo linaloivisha dhoruba, na kilele chake ni kati ya saa 10 alasiri na saa 3 usiku. Ondoka saa 12 asubuhi, uwe umeegesha ifikapo saa 8 au saa 9 mchana. Hesabu hiyo inakupa kilomita 450 hadi 500 kwa siku. Anayepanga kilomita 800 amejinyima nafasi ya kungoja, na asiye na nafasi ya kungoja ndiye anayejikuta akisema "nitapita tu" mbele ya wingu jeusi.

Sasa jambo dogo ambalo wageni wengi hawalifikirii. Maonyo ya hali ya hewa Marekani husomwa kwa majina ya kaunti, yaani wilaya za ndani ya jimbo, na miji midogo. Mtu anayepita hajui yuko kaunti gani, basi anasikia onyo linalomhusu asijue kwamba linamhusu. Usiku wa kuamkia safari, andika kwenye karatasi majina ya kaunti zote za njia yako kwa mpangilio, na pembeni ya kila moja mji wenye jengo la kukimbilia. Weka karatasi hiyo chini ya plastiki angavu ya mfuko wa juu ya tanki. Kumbuka pia kwamba saa inayotajwa ni ya eneo husika, na sehemu za magharibi za Nebraska na Kansas ziko nyuma kwa saa moja.

Tofautisha maneno mawili. Tahadhari, ambayo utasikia ikiitwa watch, husema kwamba mazingira yanaweza kuzaa tornado. Inahusu eneo kubwa na hudumu saa kadhaa. Ukiisikia, jaza mafuta, fupisha safari, na usipite mji bila kujua mji unaofuata uko umbali gani. Onyo, yaani warning, ni kwamba tornado imeonekana au rada imeona upepo unaozunguka ndani ya dhoruba. Eneo lake ni dogo, muda wake kwa kawaida haufiki saa moja, na kama umo ndani yake unaingia kwenye jengo dakika hiyo hiyo.

Onyo lisipokufikia ni sawa na kutokuwepo. Simu inayotetemeka mfukoni haisikiki ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Unganisha simu na spika za ndani ya helmeti, au siku ya hatari simama kila nusu saa uangalie. Beba pia redio ndogo ya hali ya hewa. Matangazo ya serikali hutumia masafa 7 kati ya megahezi 162.400 na 162.550, ambayo redio ya kawaida ya FM haiyakamati, na kila mnara hufika takriban kilomita 60, kwa hiyo utabadilisha masafa ukiwa safarini. Redio hii inafaa pale mtandao wa simu unapopotea, na katika nyanda hizo hupotea kwa umbali mrefu.

Picha ya rada kwenye simu itumie kwa uangalifu. Unachokiona kimepigwa dakika kadhaa zilizopita. Dhoruba inayokwenda kilomita 80 kwa saa husogea karibu kilomita 7 katika dakika 5, kwa hiyo pengo unaloliona kati ya mawingu mawili huenda limeshajifunga. Rada ya simu inakusaidia kuamua usimame wapi. Kupenya katikati ya dhoruba kwa kuifuata ni kujiponza.

Kwenye pikipiki yenyewe, angalia tairi kwanza. Tairi iliyobakiza kina cha milimita 2 bado itakubeba kwenye lami kavu, lakini haina nafasi ya kutosha kusukuma maji pembeni, na tairi la mbele likipanda juu ya maji huna la kufanya. Badilisha kabla ya safari. Pima upepo asubuhi tairi likiwa la baridi, na ufuate kipimo cha mtengenezaji kwa pikipiki yenye mzigo. Mzigo mzito ukae chini, kwenye mifuko ya pembeni. Sanduku refu la nyuma ni kama tanga: upepo wa ubavuni hulisukuma kutoka juu na kuyumbisha pikipiki nzima. Funga kwa mikanda ya kubana badala ya kamba za mpira, kwa sababu mpira huvutika na kuachia mzigo upepo unapougonga.

Mafuta yasishuke chini ya nusu tanki. Umeme ukikatika, pampu za vituo hazifanyi kazi, na mashine za kadi pia hazifanyi kazi, kwa hiyo beba fedha taslimu.

Mwilini vaa vifaa kamili hata kukiwa na joto: helmeti inayofunika uso wote, jaketi yenye vikinga vya mabega na viwiko, glavu, na viatu vinavyofunika kifundo. Suruali ya mvua ipite juu ya viatu, la sivyo maji yanateremka moja kwa moja hadi kwenye soksi. Vaa nguo za mvua wingu likiwa bado mbali, kwa sababu kuhangaika na zipu pembeni ya barabara kuu huku mvua inapiga ni hatari nyingine. Beba kioo cha helmeti kisicho na rangi chenye kizuia ukungu. Mfukoni, si kwenye sanduku la pikipiki, weka tochi, filimbi, betri ya akiba ya simu, bendeji, mkanda wa kuzuia damu, na kadi yenye kundi lako la damu na namba ya ndugu. Vilivyofungiwa kwenye pikipiki vihesabu kama havipo, kwa kuwa huenda ukaiacha.

Upepo ukianza kabla ya dhoruba, punguza mwendo, legeza mikono kwenye usukani, na bana tanki kwa magoti. Mikono iliyokakamaa hupitisha kila kishindo cha upepo hadi kwenye gurudumu la mbele. Ukipishana na lori, jiandae mara mbili: upepo unakatika ghafla, kisha unarudi kwa nguvu. Kipimo chetu cha kusimama ni rahisi: ukishindwa kubaki ndani ya nusu ya leni yako, safari imekwisha kwa wakati huo. Ngurumo nayo ni kipimo. Ukiisikia, radi inaweza kukufikia. Gari hulinda kwa bodi lake la chuma, si kwa mpira wa tairi, hivyo tairi za pikipiki hazikupi kinga yoyote. Ngoja ndani hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mvua ya mawe isichukuliwe kama kero. Mawe yenye upana wa sentimita 5 hadi 10 huanguka kwa takriban kilomita 70 hadi 115 kwa saa, na yale madogo yakitapakaa barabarani tairi linaviringika juu yake kama juu ya golori.

Tornado nyingi za nyanda hizo huelekea kaskazini mashariki. Ikiwa bado ni mbali, barabara ni kavu na unaijua, toka kwenye njia yake kwa pembe mraba, mara nyingi kuelekea kusini. Ukikimbilia kaskazini unaingia kwenye mvua na mawe. Inayoonekana kusimama huku inanenepa inakuja kwako. Vumbi linalozunguka chini bila mkonga kushuka kutoka mawinguni linaweza kuwa tornado kamili, na usiku alama pekee huenda ikawa miale ya kijani au buluu nyaya za umeme zinapokatika. Usishindane nayo kwa mwendo. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tornado ilipanuka hadi kilomita 4.2 na kubadilisha mwelekeo ghafla, ikawakuta watu barabarani.

Jengo la kukimbilia liwe la matofali au zege, na uingie ghorofa ya chini kabisa, kwenye chumba cha ndani kisicho na dirisha. Choo cha jengo la kupumzikia wasafiri kinafaa, na baadhi ya vituo hivyo vina alama ya makimbilio ya dhoruba. Kwenye kituo cha mafuta usisimame chini ya paa la pampu, maana hung'oka. Kaa mbali na vioo vya duka, ingia chooni au kwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia vinywaji. Nyumba za kuhamishika na mahema hazina msaada, hivyo kambini uliza makimbilio yako wapi kabla ya kusimika hema. Usivue helmeti, jaketi wala glavu ukiwa ndani. Vitu vinavyorushwa ndivyo vinavyoua wengi, na hapa una vazi ambalo wenzako wa magari hawana.

Usijifiche chini ya daraja la barabara. Watu 3 waliuawa katika madaraja matatu tofauti Oklahoma tarehe 3 Mei 1999. Upepo hubanwa hapo na kuongeza kasi, vifusi huingia navyo, na ukipanda kwenye kingo unajipeleka juu ambako upepo una nguvu zaidi. Waliosimama hapo pia huziba barabara kwa wengine.

Ukikosa jengo kabisa, iache pikipiki na uende mbali nayo, kwa sababu kilo zaidi ya 200 za chuma zitaruka. Tafuta shimo au mtaro ulio chini ya usawa wa barabara, mbali na miti na magari, lala kifudifudi, kinga shingo kwa mikono. Usiingie kwenye kalvati: maji ya mafuriko hujaa humo kwa dakika chache.

Pikipiki uliyoiegesha kwa wakati iachwe kwenye gia ya kwanza, usukani umegeuzwa upande wa stendi ya pembeni, na imekaa namna ambayo upepo unaisukuma kuelekea stendi. Stendi ya kati huangusha pikipiki kirahisi upepo ukija ubavuni.

Dhoruba ikipita, usiwashe injini mara moja. Maji yanayotiririka kwa kina cha sentimita 15 humwangusha mtu mzima, na sentimita 30 hubeba magari mengi madogo, kwa hiyo usivuke barabara iliyofunikwa hata kama unaona mistari yake. Nyaya zilizoanguka zihesabu zina umeme, kaa angalau mita 10 mbali nazo. Tuma ujumbe mfupi kwa ndugu badala ya kupiga, kwani hupita hata mtandao ukielemewa. Kisha tembea kwa miguu mbele ya pikipiki ukiangalia misumari na vipande vya bati, na kagua tairi zote mbili tena baada ya kilomita ya kwanza.