Kabla hujapeleka upepo kwenye breki, toa kwanza ule uliomo ndani

Kama umewahi kushuka mteremko wa Kitonga nyuma ya semi iliyojaa mzigo ile harufu unaijua, inaingia hadi kwenye basi lililofunga vioo, abiria wanaanza kuangaliana. Ile ndio harufu ya breki iliyozidiwa, na sisi wa Mbeya na Iringa tumekua nayo, kwaiyo mtu akianza kujaribu mashindano na kigari chake afu akasikia ile harufu kwake mwenyewe, wazo la kwanza linalomjia ni kukata bampa, aweke bomba, upepo uende kwenye diski, mchezo umeisha. Mimi nilifanya hivyo hivyo na nilikata bampa zima kabisa la kikorola changu kwa grenda, nimesimama barazani kwangu, bila hata kujua tatizo lilikuwa nini.

Sasa wakuu kabla hujashika grenda jiulize kwanza, breki zako zinapokufa zinakufaje? Maana kuna namna mbili na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza unakanyaga, pedeli iko juu vizuri tu, ngumu kama jiwe, ila gari haisimami, unakanyaga kwa miguu yote miwili inateleza tu. Hiyo ni pedi zimepata joto kupita uwezo wake. Ya pili pedeli inakuwa laini, inazama, ukipampu mara mbili tatu inarudi kidogo afu inazama tena. Hiyo sio pedi, hiyo ni oili ya breki imechemka ndani ya kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ikatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka, oili haibonyezeki, kwaiyo mguu wako unabonyeza mapovu badala ya kusukuma pistoni. Kwangu ilikuwa hii ya pili, na oili niliyokuwa nayo sikumbuki hata iliwekwa lini, ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Bampa nikawa nimelikata bure.

Oili ya breki inavuta unyevu kwenye hewa, hiyo ndio tabia yake, na ikishavuta maji inachemka mapema. Madaraja yake yameandikwa kwenye kopo kwa herufi DOT, DOT 3 ikiwa mpya kiwango chake ni kuchemka sio chini ya nyuzi 205, ikishakunywa maji inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Angalia hiyo tofauti, yaani DOT 4 iliyochoka ni mbovu kuliko DOT 3 mpya. Kwaiyo kitu cha kwanza kabisa ni kumwaga oili yote ya zamani, weka mpya ya kopo ambalo umelifungua mwenyewe (sio lile la gereji lililokaa wazi tangu mwaka juzi), afu toa upepo ulioingia kwenye oili, kalipa za magurudumu yote manne, mpaka pasitoke povu hata moja. Na usije ukachanganyikiwa na namba, DOT 5 bila ile pointi moja ni silikoni, haichanganywi na hizi nyingine. Na uangalie isimwagikie rangi ya gari, inababua.

Ukiwa umeshavua tairi ndio muda wa kuangalia vitu vingine ambavyo hakuna bomba litakalovitibu. Pini za kalipa zinateleza? Zikikwama pedi ya upande mmoja inasuguana muda wote na hapo utapuliza upepo mpaka uchoke, joto litabaki pale pale. Diski ina unene gani, karibu zote zimepigwa muhuri wa unene wa mwisho pembeni au kwenye kofia yake, ikiwa imeshafika hapo itupe, chuma chembamba hakina pa kuweka joto. Vinyufa vidogo kama unywele juu ya uso wa diski vinatokea kwa gari za kukimbiza, ila ufa ukifika ukingoni hiyo diski imekwisha, usimsikilize fundi anayekwambia itamalizia msimu. Mipira ya oili ya breki ikunje kwa mkono uone kama imepasuka. Pedi ndio usiseme, pedi za bei chee za mjini hapa ni za kwendea kazini na kurudi, ukipata za mashindano zenyewe zina shida ya upande wa pili, zikiwa za baridi hazishiki, asubuhi ya mwezi wa saba hapa Mbeya ukitoka nyumbani nazo utaogopa.

Nilipomaliza yote hayo, oili mpya na pedi za maana, shida yangu ilipungua kama robo tatu hivi kwa kipimo cha mguu wangu. Iliyobaki ndio ilikuwa ya upepo kweli.

Hebu tupige hesabu ndogo uone tunapambana na nini. Gari ya kilo 1,200 ukiitoa spidi 120 ukaishusha hadi 40 inabidi itupe nishati kama kilojuli 590, na nyingi inaishia kwenye breki, hasa za mbele. Hiyo ni sawa na kuchukua karibu lita mbili za maji ya nyuzi 20 ukayafikisha kuchemka hapa kwetu ambako maji yanachemka kwenye 94 hivi, kwa breki moja, sekunde chache, afu kona inayofuata unarudia. Na kingine watu hawakifikirii, mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar. Baridi tunayo ndio, ila hewa yenyewe ni kidogo, na kinachobeba joto ni hewa. Kwaiyo mtu wa pwani akikuambia mpira wa kupitishia upepo wa inchi mbili unatosha, unamtosha yeye.

Jiulize tena unaenda kushindana nini. Upepo wa bomba unategemea mwendo wa gari, gari ikisimama na wenyewe unasimama. Kama ni kuzunguka koni uwanjani, dakika moja na nusu umemaliza, spidi haizidi 60, bomba halikusaidii kitu, ni urembo. Kama ni kupanda mlima kwa saa, breki unaigusa mara ngapi kwanza? Bomba lina maana kwenye mbio ndefu za spidi kubwa zenye breki nzito za kurudiarudia, au steji ya rali yenye mteremko mrefu. Hata yale malori ya Kitonga yangefungwa mabomba yasingepoa, yanashuka polepole mno, kinachoyaokoa ni gia nzito.

Haya, umeamua. Hewa unaichukua wapi? Mbele ya bampa pale inapogonga moja kwa moja, tundu za foglaiti (taa za ukungu) ndio mahali pazuri kuliko pote na hukati kitu, unatoa taa unaweka mdomo wa bati. Chini ya gari usichukue, hewa ya huko imechafuka na inakuja na kokoto. Mdomo nilichongewa na fundi bati pale SIDO Mwanjelwa, jamaa anatengeneza funeli na majiko ya mkaa, nikampelekea boksi la karatasi nililokata kwa mkasi kama mfano, akalitazama akauliza hili jiko la nani lisilo na miguu. Alilitoa la alumini, mbele pana nyuma inchi tatu, kwa ribiti, safi.

Mpira ndio mahali nilipokosea vibaya. Nilianza na bomba la PVC la maji, inchi tatu, nikaona bei rahisi na linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. PVC inaanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, na pale karibu na diski 80 ni kitu kidogo sana. Siku ya kwanza kukimbiza nilirudi nikakuta mdomo wa bomba umejikunja kama sikio la sungura, umegusa diski na kuacha mduara mweusi wa plastiki iliyoungua juu yake, na pedi nazo zimekula ile plastiki. Nilitupa pedi mpya. Tumia hozi ya silikoni au ya kitambaa cha joto yenye waya wa springi ndani, na sentimita kumi na tano za mwisho karibu na diski ziwe za bati au alumini sio mpira. Inchi tatu inapitisha eneo zaidi ya mara mbili ya inchi mbili kwaiyo ukipata nafasi chukua tatu, kona ziwe chache na za kulegea, kila ukiikunja kwa ghafla unaua upepo.

Na sasa mwisho wa bomba unaelekea wapi, hapa ndio kila mtu anakosea. Unamuona mtu kaelekeza kwenye uso wa diski au kwenye kalipa. Diski za mbele za gari nyingi zina kuta mbili na uwazi katikati wenye mbavu, ikizunguka inakuwa kama feni, inavuta hewa kutoka katikati karibu na habu (kitovu cha gurudumu) na kuitupa nje ukingoni. Ile feni ndio unatakiwa uilishe. Peleka upepo kwenye jicho la diski, upande wa ndani, na ule uwazi utagawa wenyewe kuta zote mbili sawasawa. Ukipuliza uso mmoja tu, upande mmoja unakuwa wa baridi mwingine wa moto, chuma kinavutana, inapinda au inapasuka. Kama diski yako ni nzima, haina uwazi, faida yake ni ndogo sana, afadhali utafute za uwazi za gari ya familia hiyo hiyo.

Lile bati la vumbi nyuma ya diski usilitupe lote, likate tundu la inchi tatu usawa wa habu ufunge mdomo wako hapo hapo, linakuwa bamba la kushikia. Funga kwa bolti, sio waya wa bandingi, waya unakatika.

Halafu kabla tairi halijarudi, zungusha stelingi mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, gari ikiwa kwenye stendi mguu unaning'inia, afu nyanyua mguu kwa jeki mpaka springi ibonyee urudie tena. Weka tairi urudie mara ya tatu. Angalia mpira wa upepo usiguse tairi, usiguse mpira wa oili ya breki, usiguse waya wa ABS wala buti ya ekseli. Mpira wa oili ukisuguliwa siku nzima na klampu ya hozi yako utajua ukiwa kwenye kona. Paka chaki kwenye hozi, zungusha, tazama chaki imehamia wapi, njia ya bure.

Kwa wa vumbi, wale wa barabara za misitu kama Sao Hill, fikiria mara mbili. Mdomo wazi unameza kokoto, na kokoto moja kati ya diski na lile bati inapiga kelele utadhani beringi imekufa. Unaweka wavu, wavu unapunguza upepo, na majani ya paina yanajaa kwenye wavu yanasukana kama mkeka. Nilishatoa mkeka mzima kwa vidole baada ya dakika ishirini tu. Matope masika ni hadithi hiyo hiyo, yanakauka ndani ya bomba unabeba udongo bure. Kwangu mimi vumbi nafunga kwa vifuniko vya bati, lami nafungua. Na gari ya kutembelea kila siku pia funga, madimbwi ya Tukuyu yakiingia kwenye bomba yanamwagikia diski ya moto moja kwa moja.

Kanuni za mashindano zisome kabla, madaraja mengine hayaruhusu kukata bampa, utafika kwenye ukaguzi urudishwe na hozi zako.

Kujaribu, tafadhali sio barabara kuu. Tafuta eneo lililofungwa. Kipimajoto kile cha kama bastola ni cha maana, ila pima papo hapo ukisimama na pima kushoto na kulia, ukikuta upande mmoja umezidi sana kuna pini imekwama au bomba limechomoka. Piga mizunguko kadhaa bomba likiwa limezibwa kwa tepu ya karatasi, andika, fungua, rudia siku ile ile. Mzunguko wa mwisho zungusha taratibu bila breki ili zipoe, maana ukisimama ghafla joto la diski linahamia kwenye kalipa na oili inaweza kuchemka umepaki. Na usivute hendibreki, weka jiwe kwenye tairi.

Kwenye boksi langu siku hizi nabeba klampu mbili za akiba, kopo la oili lisilofunguliwa, mpira mwembamba na chupa ya soda ya kutolea upepo, na mkasi ule ule niliokatia boksi, kwa ajili ya majani ya paina.