Jinsi ya kuisoma kesi ya uraia ya Bhagat Singh Thind

Ukitaka kuielewa kesi ya Bhagat Singh Thind, Sikh (mfuasi wa dini ya Kisikh) kutoka wilaya ya Amritsar huko Punjab, India, aliyeomba uraia wa Marekani mara tatu, usianze na hukumu ya mwaka 1923 iliyosema kwamba yeye si mtu mweupe, ingawa ndiyo inayotajwa kila mahali. Anza na sheria iliyomfunga. Sheria ya tajinisi (kumpa mgeni uraia) ya mwaka 1790 iliruhusu uraia kwa "watu weupe walio huru" peke yao, na mwaka 1870, baada ya utumwa kukomeshwa, Bunge la Marekani likawaongeza watu wa asili ya Kiafrika. Kwa kuwa watu wa Asia hawakutajwa popote, mwombaji aliyetoka huko hakuwa na njia ila kumshawishi jaji kwamba yeye ni mweupe.

Kisha ziandike tarehe za mwaka 1918 moja chini ya nyingine, kwa sababu ukizisoma haraka utapitwa na jambo zito. Thind, aliyeingia nchini mwaka 1913 na kufanya kazi katika viwanda vya mbao vya Oregon, alijiunga na jeshi mwezi Julai na kupelekwa Camp Lewis, katika jimbo la Washington, kilemba chake kikiwa kichwani. Tarehe 9 Desemba alipewa cheti cha uraia akiwa bado amevaa sare ya jeshi. Tarehe 13 cheti hicho kikafutwa kwa hoja kwamba yeye si mtu mweupe. Tarehe 16 jeshi likamruhusu kuondoka kwa heshima. Serikali iliyomkana kama raia ndiyo hiyohiyo iliyomsifu kama askari, na kati ya mambo hayo mawili zilipita siku tatu tu.

Baada ya hapo, tafuta uamuzi wa Jaji Charles Wolverton wa Oregon, ambako Thind aliomba upya mwaka 1919. Ofisa wa serikali alileta hoja ya uhusiano wake na wanaharakati wa Ghadar waliopigania uhuru wa India, lakini jaji alimsikiliza, akaupima mwenendo wake pamoja na utumishi wake jeshini, na mwezi Novemba 1920 akampa uraia. Soma uamuzi huo polepole, kwani ni miongoni mwa mahali pachache katika jalada zima ambapo Thind anatazamwa kama mtu na si kama mfano wa kabila.

Serikali ilikata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ikapeleka maswali mawili kwenye Mahakama ya Juu. Hapa ndipo msomaji anapaswa kutulia zaidi. Weka hukumu mbili mezani kwa pamoja: ile ya Takao Ozawa, Mjapani, iliyotolewa Novemba 1922, na ile ya Thind, iliyotolewa tarehe 19 Februari 1923. Zote ziliandikwa na Jaji George Sutherland. Katika ya kwanza alisema kwamba mtu mweupe ni yule wa jamii ya Kaukasi, jina ambalo wataalamu wa wakati ule walilipa kundi mojawapo la binadamu, na Ozawa hakuwa mmoja wao. Mawakili wa Thind wakaishika kauli hiyo, wakaonyesha kwamba wataalamu wa wakati ule waliwahesabu watu wa kaskazini mwa India kuwa Wakaukasi. Miezi mitatu tu baadaye, Sutherland akaiweka sayansi kando na kusema kwamba maneno ya sheria yafuate uelewa wa mtu wa kawaida, na kwa uelewa huo Thind si mweupe. Pigia mstari aya hizo mbili. Usipozisoma pamoja, kila moja itaonekana ina mantiki yake.

Usimsome Thind kwa huruma pekee, hata hivyo. Upande wake ulitegemea nasaba ya Kiarya na hadhi ya tabaka la juu, hoja iliyoomba nafasi ndani ya ukuta bila kuuliza kwa nini ukuta ulijengwa. Kwa maoni yangu udhaifu huo utajwe waziwazi, ila ukumbuke pia kwamba sheria haikumwachia mlango mwingine. Na utakapoona nyaraka zikimwita Mhindu, usidhani zinazungumzia dini yake. Ndivyo Wamarekani wa wakati ule walivyowaita watu wote wa India.

Ili kupima uzito wa hukumu, fuatilia yaliyowapata wengine. California ilikuwa na sheria ya mwaka 1913 iliyowazuia kumiliki ardhi ya kilimo wale wasiostahili uraia, na baada ya hukumu ya 1923 serikali ya Marekani ilianza kuwanyang'anya uraia Wahindi waliokwisha kuupata. Vaishno Das Bagai, mfanyabiashara wa San Francisco, alinyang'anywa wake na akajiua mwaka 1928. Sakharam Ganesh Pandit, mwanasheria, alipambana mahakamani na akashinda katika Mahakama ya Rufaa mwaka 1926.

Thind mwenyewe hakuondoka Marekani. Mwaka 1935 Bunge lilipitisha sheria ya kuwaruhusu kupata uraia maaskari wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliokuwa wamenyimwa kwa sababu ya asili yao, naye akaomba tena, akaupata mwaka 1936 huko New York. Kilichomfungulia njia safari hii ni utumishi wa mwaka 1918. Swali la weupe halikuulizwa tena.

Usipoteze muda kutafuta hukumu iliyoitengua ile ya 1923, kwa sababu Mahakama ya Juu haikuitengua. Tafuta sheria za Bunge: ile ya mwaka 1946 iliyowaruhusu Wahindi kupata tajinisi huku ikiwawekea kikomo cha wahamiaji 100 kwa mwaka, na ile ya mwaka 1952 iliyoondoa kabisa kigezo cha rangi katika tajinisi.