Kabati la droo limechoka? Livalishe kitenge
Usilitupe, kitenge kinatosha. Kwanza kifue ukipige pasi, maana kikiwa kipya kina wanga na kinaweza kuchuja. Toa droo, fungua vishikio, piga msasa mpaka ile vanishi ya kung'aa iishe, futa vumbi. Sasa chukua gundi nyeupe ya mafundi seremala, izimue na maji kidogo, paka mbao kwa brashi, laza kitambaa ukikisukuma na kadi ngumu kutoka katikati kwenda pembeni, taratibu jamani, mimi niliharakisha nikapata mapovu kibao. Iache usiku kucha ndo ukate pindo kwa wembe mpya, wembe butu unachana nyuzi. Juu ya kitambaa paka gundi tena, tabaka mbili, ikikauka haionekani. Rudisha vishikio.