Jinsi ya kuandaa shoo ya mazingaombwe ya jukwaani isidode

Mwongozo huu nauandika baada ya kumsaidia dogo mmoja mwenye mikono myepesi kweli kweli, karata zinamtii, ila akipanda jukwaani watu wanampigia makofi ya adabu halafu wanarudi kwenye simu zao. Mikono haikuwa na shida yoyote. Shida ni kwamba watu hawakujua waangalie nini, na saa ngapi. Kwa hiyo hapa sifundishi kiinimacho chenyewe, nachukulia tayari unakiweza hata ukiwa unaongea na mtu.

Hatua ya 1: Chagua vinavyosimulika

Mtazamaji aweze kumsimulia mwenzake kwa sentensi moja: alikata kamba, kamba ikarudi nzima. Basi. Kama maelezo yanaanza kuzunguka, mara karata ya pili ilikuwa chini ya ile ya kwanza ambayo mwanzoni ilikuwa mfukoni, kitoe, hata kama kimekutoa jasho kujifunza. Dai Vernon, yule bingwa wa karata mzaliwa wa Kanada, alikuwa anasisitiza kwamba kumchanganya mtu si mazingaombwe, na mi nakubaliana naye mia kwa mia. Kwa dakika kumi vitatu vinatosha. Kilicho kikali kuliko vyote kiwe cha mwisho, kinachokifuatia kwa ukali kiwe cha kufungulia.

Hatua ya 2: Kakae kwenye viti vya watu

Panga vifaa jukwaani, halafu nenda kakae kiti cha nyuma kabisa, kisha cha pembeni kushoto, kisha kulia. Mwaka 1918 Harry Houdini, mwanamazingaombwe maarufu, alimfanya tembo mzima atoweke pale Hippodrome ya New York, ukumbi wa watu zaidi ya 5,000, lakini inasimuliwa kwamba kasha alimoingizwa tembo lilikaa vibaya kiasi kwamba waliokaa katikati ndo walioona vizuri ndani, wengine walibaki kuamini walichoambiwa. Kama tembo anaweza asionekane, sarafu itaonekanaje? Jukwaani tumia kamba, vitambaa vikubwa, mipira yenye rangi kali. Sarafu ziache mezani, labda kama ukumbi una kamera na skrini.

Hatua ya 3: Tenga siri na muujiza

Hapa ndo shoo nyingi zinapofia, na ndo palipokula muda wetu karibu wote, kwa hiyo soma taratibu.

Chukua mpira mdogo. Unajifanya unauhamisha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kumbe umebaki kulia, unafungua kushoto, haupo. Kila mtu anayeanza anafungua mkono palepale, na palepale watu wote wanageuza macho kulia, kwa sababu kitendo cha mwisho walichokiona ndo hicho cha kuhamisha. Siri na muujiza vimekaa sehemu moja, umewaonyesha njia mwenyewe. Weka kitu katikati. Funga mkono wa kushoto, mkono wa kulia uende mfukoni kuchukua kalamu (na mpira ubaki huko huko mfukoni), gonga ngumi na kalamu, pumzika, ndo ufungue. Lakini angalia usizidishe, maana ukipiga stori ndefu hapo katikati watu wanasahau kama mpira ulikuwa mkono gani, na wakishasahau ulikuwa wapi hakuna kilichopotea. Kwa hiyo kabla ya kufungua wakumbushe kwa jicho tu, iangalie ngumi yako kama mtu anayeamini kuna kitu ndani.

Macho ni nusu ya kazi. Mwaka 2006 watafiti Gustav Kuhn na Michael Land walionyesha watu video ya mpira unaorushwa juu, safari ya mwisho haurushwi, mkono unajifanya tu. Pale aliyerusha alipoinua macho juu kufuata mpira ambao haupo, karibu theluthi mbili ya watu walipata picha ya mpira kupaa na kupotelea hewani. Alipobaki anautazama mkono wake, wakashuka hadi kama theluthi moja. Mkono ni uleule, macho tu ndo yamebadilika. Kwa hiyo mkono wenye siri usiuangalie, ila pia usiukimbie kwa kukaza shingo, watu wanaliona hilo haraka sana.

Dawa yake ni kufanya kitendo cha kweli kwanza. Hamisha mpira kweli, rudia mara nyingi, jirekodi, halafu fanya cha uongo na ulinganishe. Utaona kwenye cha uongo vidole vimekakamaa, bega limepanda, na mdomo umenyamaza ghafla. Na rekodi kwa simu iliyosimamishwa usawa wa macho ya watazamaji, usitegemee kioo. Kioo sikipendi kabisa kwa kazi hii, unazoea kupepesa macho kila siri inapopita na huwezi kujiona ukifanya hivyo.

Halafu tafuta pale watu wanapolegea. Wakicheka, wakipiga makofi, wakigeuka kumtazama mwenzao aliyeitwa jukwaani, sekunde hizo hakuna anayekuangalia. Siri ipitie hapo. Ukiipitisha wakati umewaambia "tazameni kwa makini" unajitafutia ubishi.

Jambo jingine, usikanushe ambacho hakuna aliyekuuliza. Ukisema "hii ni kamba ya kawaida" tayari umewapa wazo kwamba zipo zisizo za kawaida. Mpe mtu aishike, avute, akurudishie, usiseme kitu.

Hatua ya 4: Muujiza ukitokea, simama

Usiongee, usikusanye vifaa, usiwahi cha pili. Waache wafike wenyewe.

Hatua ya 5: Mtu wa kumpandisha

Chagua anayecheka na wenzake, siyo aliyekunja mikono kifuani na siyo anayerukaruka achaguliwe. Muulize jina, litumie, mshukuru, msindikize mpaka ngazi. Ukimdhalilisha ukumbi wote unahamia upande wake, na hapo hata ufanye nini hawakurudii. Msimamishe mahali ambapo haoni mfuko wako, hilo lipange jana yake.

Hatua ya 6: Taa na muziki

Taa ya nyuma yako izimwe, inafichua nyuzi na kila kinachopita kwenye vidole. Muziki mkabidhi mtu mwenye karatasi iliyoandikwa wapi aanze na wapi akate.

Hatua ya 7: Kikikataa

Usitangaze mapema kitakachotokea, ili kikienda kombo wewe peke yako ndo ujue. Andaa mwisho wa pili kwa kila kiinimacho. Na ukiombwa kurudia kilekile kwa watu walewale, kataa kwa upole, safari ya pili wanajua waangalie wapi.

Baada ya shoo chukua rekodi, geuza simu usione picha, sikiliza sauti tu. Wanapoanza kukohoa na kusogeza viti, andika dakika, halafu hapo kata.