Kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya zamani isiyosoma CD tena

Ukibonyeza kitufe, trei inatoka nusu kisha inarudi. Au inameza diski, inaizungusha huku ikikwaruza, halafu kimya. Kompyuta nyingi zilizotimiza miaka kumi huanza kuugua hapo: lenzi inashika vumbi, mkanda mdogo wa mpira unaosukuma trei unalegea. Wenye mashine hizo huniletea wakiwa wamekata tamaa, wakiamini kwamba bila CD hakuna tena namna ya kuweka mfumo endeshi mpya. Namna ipo, na ni ya haraka kuliko hiyo CD yenyewe: flashi ya GB 8. Kusakinisha kwenyewe hakuchukui muda mrefu. Kinachotaka subira ni maandalizi, kwa hiyo nitakaa zaidi huko.

Amua kwanza unaweka mfumo gani

Msaada wa kawaida wa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari 2020, na wa Windows 10 ukakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha 8. Ziko mbinu za kuyapita masharti hayo, lakini mimi siwafanyii watu, kwa sababu Microsoft haiahidi kuendelea kuzipa mashine hizo masasisho. Sitaki mtu arudi kwangu baada ya miezi sita na tatizo nililomuuzia mwenyewe.

Kama mashine yako inatimiza masharti na Windows yake bado inawaka, huhitaji hata flashi. Pakua faili la ISO la Windows 11 (faili moja lililobeba diski nzima ya kusakinishia), libofye mara mbili lifunguke, kisha endesha setup.exe iliyomo ndani. Kama haitimizi, chaguo langu ni Linux Mint, mfumo endeshi mwingine usio Windows, toleo lake lenye deksitopu nyepesi iitwayo Xfce. Ni la bure na jepesi, na aliyezoea Windows halimpotezi njia. RAM ya GB 2 inatosha kuiwasha, ila kwa mtu anayefungua kurasa nyingi za intaneti, GB 4 ndiyo ya kukaa kwa raha. Prosesa lazima iwe ya biti 64, maana Mint iliacha biti 32 kuanzia toleo la 20. Mwenye biti 32 ajaribu antiX, Linux nyingine nyepesi, hatua zinafanana.

Hatua ya 1: Okoa mafaili yako

Hapa sina mzaha. Kusakinisha upya kunafuta diski yote. Nakili nyaraka na picha kwenye diski ya nje, na usisahau sehemu ambazo watu husahau kila siku: mafaili yaliyorundikwa kwenye deksitopu, folda ya vilivyopakuliwa, na nywila zilizotunzwa ndani ya kivinjari. Ukimaliza, fungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye hiyo diski ya nje uone kama kweli yanafunguka. Kisha ichomoe, uiweke mbali. Niliwahi kuacha diski ya nje imechomekwa wakati nasakinisha, nikachagua isiyo yenyewe, na picha za familia ya mtu zikaenda. Nilirudisha baadhi tu. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa kitufe cha kuwasha, meza yangu haina diski ya ziada.

Hatua ya 2: Pakua ISO na uikague

Pakua kutoka tovuti rasmi ya Linux Mint, si kwingine. Faili lina karibu GB 3, na intaneti ikiyumba linaweza kufika likiwa na kasoro usiyoiona kwa macho. Ukurasa wa kupakua unatoa msururu mrefu wa herufi na tarakimu uitwao SHA256. Kwenye Windows, fungua kisanduku cha amri ndani ya folda yenye faili, uandike:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Badilisha jina la faili liwe la kwako. Msururu utakaotokea ulingane na ule wa tovuti, herufi kwa herufi. Usipolingana, pakua upya. Hatua hii huchukua dakika moja, na wengi wanaoniambia "imekwama katikati" waliiruka.

Hatua ya 3: Andaa flashi

Kunakili ISO kwenye flashi kama unavyonakili wimbo hakusaidii. Kompyuta haitaiona kama kitu cha kuwakia. Tumia Rufus, programu ya kuandika ISO kwenye flashi. Kama unaiandalia kwenye Windows 7, chukua Rufus 3.22, kwa sababu matoleo ya 4 yanataka Windows 8 na kuendelea. Chagua flashi yako, chagua ISO, na kwenye muundo wa patisheni weka MBR. Kwa Mint, mpangilio huo unawaka kwenye mashine za BIOS ya kizamani (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) na za UEFI, iliyokuja baada yake, pia. Bonyeza START. Rufus ikiuliza namna ya kuandika, kubali ile ya ISO inayopendekezwa. Flashi itafutwa yote, kwa hiyo angalia usiache kitu humo.

Hatua ya 4: Iambie kompyuta iwakie kwenye flashi

Zima kabisa, chomeka flashi, washa, na papo hapo anza kugonga kitufe cha menyu ya kubuti (orodha ya kuchagua kompyuta iwakie wapi) mara kwa mara. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12. HP ni Esc kisha F9. ASUS nyingi za kubeba ni Esc. Nembo ya Windows ikitokea umechelewa. Zima uanze tena.

Flashi isipoonekana kwenye orodha, badilisha tundu kabla ya kulaumu kitu kingine. Kwenye mashine za miaka hiyo, matundu ya bluu ya USB 3.0 mara nyingine hayasomwi mpaka mfumo uwe umewaka, kwa hiyo tumia jeusi. Kompyuta ya mezani, chomeka nyuma, moja kwa moja kwenye ubao mama. Ukiona pia saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka mingi kila unapoichomoa kwenye umeme, betri ndogo ya CR2032 imekufa. Ibadilishe sasa hivi. Bila hivyo tarehe itakuwa si sahihi, na tovuti nyingi zitakataa kufunguka, uhangaike ukidhani tatizo ni mfumo mpya.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kufuta

Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Ikileta skrini nyeusi, rudi kwenye menyu ya mwanzo uchague "Compatibility mode". Ikishawaka, usikimbilie kusakinisha. Unganisha Wi-Fi. Cheza video, usikilize sauti. Punguza mwanga wa skrini, jaribu kamera. Funga kifuniko cha laptopu, ukifungue, uone kama inaamka. Wi-Fi isipoonekana, unganisha simu kwa waya wa USB ikugawie intaneti, au tumia waya wa mtandao, kisha fungua "Driver Manager" itafute draiva (programu inayoendesha kifaa) inayokosekana. Wepesi usiupime hapa, kwa kuwa flashi ni ya polepole kuliko diski.

Hatua ya 6: Sakinisha

Bofya mara mbili "Install Linux Mint" kwenye deksitopu. Lugha, kibodi, kisha swali zito: chagua kufuta diski na kusakinisha. Soma ukubwa wa diski inayotajwa. Diski ya ndani ya GB 500 na flashi ya GB 8 hazifanani, na tarakimu hiyo ndiyo kinga yako ya mwisho. Mengine ni jina na nywila tu. Ikimaliza itakuambia utoe flashi na ubonyeze Enter.

Ikiwa kompyuta haikubali kabisa kuwakia USB

Zipo za kale za namna hiyo. Mimi huitoa diski yake, naifunga kwenye kompyuta nyingine ya BIOS baada ya kuchomoa diski ya huyo mwenyeji, nasakinisha huko, kisha nairudisha kwao. Linux hutambua vifaa upya kila inapowaka, kwa hiyo haishtuki kujikuta kwenye ubao mwingine. Njia hii usiitumie kwa Windows.

Baada ya kuwaka mara ya kwanza, fungua "Update Manager" uweke masasisho yote, kisha washa Timeshift ili uweze kurudi nyuma sasisho likiharibika. Rudisha mafaili yako. Flashi usiifute; ibandike karatasi yenye jina la mfumo na tarehe, uiweke droo moja na chaja, kwa sababu siku mashine itakapogoma kuwaka, hiyo ndiyo utakayoichomeka kutoa mafaili yako nje.