Kumwandaa mtoto na nyumba nzima kwa chuo cha Kanisa Tabora: hatua tulizopitia sisi wa Kigoma

Jumamosi iliyopita tumemsindikiza stesheni binti wa familia ya tatu niliyoisaidia mwaka huu. Baba yake ni mvuvi wa Katonga, mama anauza mawese soko la Mwanga, na binti amepata chuo cha Kanisa kule Tabora. Treni ilipoondoka mama yake akaniomba nimwandikie yale yote niliyokuwa namweleza kwa mdomo, awatumie wadogo zake wa Kasulu na Buhigwe wenye watoto kidato cha tano. Ndiyo haya. Mimi ni mwalimu mstaafu, katibu wa jumuiya, na mwanangu mwenyewe amesoma huko huko Tabora.

Nasema na familia, si na mwanafunzi, kwa sababu moja. Mtoto akimaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, Juni anaitwa JKT. Wa kwetu wengine wanapangwa Bulombora, Mtabila au Kanembwa, wengine mbali zaidi. Akiwa kambini hana simu wala nafasi ya kukaa kwenye kompyuta, na maombi ya chuo na ya mkopo yanafunguliwa miezi hiyo hiyo. Kwa hiyo atakayejaza fomu ni wewe, mama, au kaka yake.

Hatua ya 1: Elewaneni mnampeleka wapi

Wazazi wengi Wakatoliki hunijia wakidhani chuo cha Kanisa ni seminari: kengele alfajiri, misa kila siku, padre anapita kuhesabu vitanda. Sivyo. Ni chuo kikuu. Mtoto ana miaka kumi na tisa au ishirini, anaamka kwa hiari yake na anaweza kukosa misa miezi mitatu asiulizwe na mtu. Ukimwachia padre malezi yaliyokushinda nyumbani, unamtwisha padre mzigo usio wake.

Majirani zetu wa Ujiji wana hofu tofauti. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mjukuu wangu akienda huko ataachwa afunge Ramadhani yake?" Nikamwambia, "Atafunga, babu, bila shida." Vyuo vikuu vya Baraza la Maaskofu, kuanzia SAUT, yaani Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza, kilichoanza mwaka 1998 hadi kile cha Tabora kilicho chini yake, AMUCTA, hupokea watu wa dini zote. Sifa za kudahiliwa ni za masomo, na msimamizi ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kama kwa vyuo vingine. Kapela ipo, padre mlezi yupo, vijana wa TMCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, wapo na wanawakaribisha wageni vizuri, lakini anayekwenda ni anayetaka. Kanuni za mavazi na mwenendo ndizo zinazomhusu kila mmoja. Maelekezo ya kujiunga yakitoka, yachapishe, myasome mezani wote mkiwepo, kwa sauti.

Kwa Mkatoliki wa Kigoma naongeza neno moja, asione anamtupa mtoto ugenini. Chuo hicho cha Tabora kina jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo, aliyeongoza Tabora kuanzia 1960 hadi 1985. Askofu Mkuu Ruzoka alitoka kwetu akaenda Tabora mwaka 2006, na Kardinali Rugambwa aliyempokea naye alikuwa askofu wetu Kigoma kati ya 2008 na 2012. Hawa ni wachungaji tuliowajua hapa nyumbani.

Hatua ya 2: Majina

Hapa ndipo nilipopoteza siku kumi na moja na nauli za kwenda na kurudi Kasulu mara mbili, kwa hiyo nitakaa hapa.

Chukua karatasi hizi uzilaze mezani kwa mpigo: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba, cheti au matokeo ya kidato cha nne, na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, kama anayo. Soma jina herufi moja moja. Usisome kama unavyomwita nyumbani, soma kilichoandikwa. Sisi Wakatoliki tuna taabu yetu hapa. Jina la ubatizo lina sura nyingi, na kila karani aliandika alivyosikia. Theresia kwa padre, Tereza kliniki, Teresia shuleni. Yosefu kwa babu, Joseph kwa baba, Josephat kwa mwalimu mkuu aliyeona linapendeza. Ongeza jina la ukoo la Kiha linaloanza na Nta au Nda, ambalo kila mgeni analiandika anavyoweza.

Kwa mwanangu, cheti cha kuzaliwa kilisema Tereza, cha kidato cha nne kikasema Theresia. Nikapeleka cheti cha kuzaliwa kwenye mfumo wa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kuhakikiwa, majibu yakarudi kwamba cheti ni halali, nikafurahi nikalala. Kumbe uhakiki unasema jambo moja tu, kwamba cheti hicho kimetolewa kweli na kipo kwenye kumbukumbu. Hausemi kama jina lililomo ndilo lililo kwenye matokeo ya mtihani. Mifumo ya vyuo na ya Bodi ya Mikopo huvuta jina NECTA, Baraza la Mitihani, kwa namba ya mtihani, halafu wewe unaambatisha cheti chenye jina lingine. Nililigundua hilo dirisha likiwa limebakiza wiki mbili, mtoto yuko kambini.

Kanuni yangu tangu siku hiyo: jina la kidato cha nne ndilo mfalme, karatasi nyingine zote zilifuate hilo. Usihangaike kwanza kubadili cheti cha mtihani. Rekebisha cha kuzaliwa, ofisi ya wilaya wanakosajili vizazi, ukiwa na ushahidi mkononi. Kwangu ushahidi uliokubaliwa ni cheti cha ubatizo na cha darasa la saba, pamoja na hati ya kiapo kutoka kwa wakili.

Sasa cheti cha ubatizo chenyewe. Wengi tumebakiwa na kadi iliyofifia au iliyoliwa na mchwa. Kipya kinatolewa na parokia alikobatizwa mtoto, siyo unakosali leo. Mwanangu alibatizwa Kasulu tulipokuwa tukifundisha huko. Nilifika paroko yuko vigangoni, nikarudi mikono mitupu. Mara ya pili nilipiga simu kwanza, nikataja tarehe ya ubatizo na majina ya wasimamizi, nikakuta kitabu kimeshafunguliwa kwenye ukurasa wake. Usipojua tarehe, mtafute msimamizi wa ubatizo, mara nyingi yeye anakumbuka kuliko mama mzazi.

Kuna mambo mengine hapo hapo. Angalia na jina la baba kwenye cheti cha mtoto. Kama baba ni marehemu, jina lililo kwenye cheti cha kifo lifanane na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, maana uyatima ni sifa inayoangaliwa kwenye mkopo, na karatasi mbili zinazotofautiana haziwezi kuuthibitisha. Cheti cha kifo nacho kinahakikiwa RITA. Nilimsaidia mjane ambaye cheti cha kifo kiliandikwa jina la utani la marehemu, lile alilojulikana nalo mwaloni. Tulianza mwezi Machi na bado tulimaliza kwa kukimbizana.

Kama tofauti si ya tahajia bali ni jina jingine kabisa, kiapo peke yake hakitoshi. Muone wakili kuhusu hati ya kubadili jina inayosajiliwa, na uanze mtoto akiwa kidato cha tano.

NIDA nayo ianze mapema, mtoto akifikisha tu miaka kumi na minane. Sisi wa mpakani tunajua maswali yanavyokuwa mengi na vielelezo vinavyotakiwa. Vyeti vya babu na bibi, kama vipo, viweke pamoja na vingine.

Na tafadhali, karatasi zipigwe skana kwenye mashine. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole nimeiona ikirudishwa.

Hatua ya 3: Namba ya simu

Mtoto akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu iliyojazwa wakati wa kuomba. Kijana wa jumuiya ya jirani alijaziwa fomu steshenari, na mhudumu akaweka namba yake mwenyewe ili kazi iende haraka. Siku ya kuthibitisha mhudumu alikuwa ameshahama mji. Nunua laini mpya kwa jina la mzazi, iweke kwenye simu ya kitochi, simu ikae kabatini kwa mama na isiazimwe. Barua pepe na nywila ziandikwe kwenye kaunta buku. Mimi siamini kuhifadhi nywila ndani ya simu.

Hatua ya 4: Maombi ya mkopo

Karatasi zikiwa sawa, hii ni kazi ya siku mbili. Fomu isainiwe na serikali ya mtaa, mdhamini na mwanasheria, na usiache hata ukurasa mmoja bila saini. Fomu isiyo na saini ni sawa na fomu isiyotumwa.

Hatua ya 5: Kikao cha familia

Kifanyeni kabla majibu ya mkopo hayajatoka, mkichukulia kwamba mkopo umekosekana. Waiteni baba wakubwa, shangazi, mjomba, na mwenyewe akirudi kambini awepo. Mimi huwa naandika safu tatu kwenye kaunta buku: jina, kiasi, tarehe. Anayesema "nitaangalia" simwandiki. Si kumdharau, ila mtoto asile chakula cha mchana kwa kutegemea neno hilo.

Elezeni wazi mkopo ulivyo, kwa sababu nyumba nyingi hugombana hapa. Ada ya mkopo inakwenda chuoni moja kwa moja. Anachoshika mwanafunzi ni bumu, yaani hela ya chakula na malazi, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 kiwango chake cha juu ni shilingi 10,000 kwa siku. Hutolewa kwa mafungu ya kama miezi miwili. Ukisikia kijana amepokea laki sita, hizo ni siku sitini za kula na kulala. Msimpigie simu kumwomba hela ya mbolea. Na bumu la kwanza halimsubiri mtoto getini. Asajiliwe kwanza, ahakikiwe, asaini. Wekeni akiba ya chakula ya wiki sita, hata kama amepata mkopo wote.

Ahadi zifuate msimu wa anayeahidi. Mvuvi wa dagaa ana hela wakati wa giza, mbalamwezi ikiwaka anakaa nchi kavu, kwa hiyo tarehe yake iwe baada ya giza. Mkulima wa maharage au kahawa mpeni tarehe ya baada ya mavuno. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, familia za Katonga na Kibirizi zilifika msimu wa ada zikiwa hazijashusha wavu miezi mitatu. Tangu hapo nawaambia wavuvi ada ya awamu ya kwanza itengwe kufikia Aprili. Nyumba iliyonisikiliza mwaka huu haikuuza hata bati.

Hatua ya 6: Chumba

Mwaka wa kwanza naomba akae hosteli ya chuo au ya masista ikiwa nafasi ipo. Geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, baadaye, akishaujua mji. Kama ni lazima apange, dalali asitumiwe hela kabla mtu wenu hajaingia ndani ya chumba hicho, akafungua bomba na kuujaribu mlango. Wa kumtuma hakosekani. Piteni kwa paroko wenu awaandikie barua ya utambulisho, mwulizeni na WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wana dada gani Tabora. Barua hiyo hiyo mtoto aipeleke kwa padre mlezi wiki ya kwanza, ajulikane kwa jina kabla hajapata shida.

Hatua ya 7: Safari

Treni, si basi. Godoro, ndoo na begi vinakaa pamoja, na mtoto ananyoosha miguu. Siku za treni ulizeni stesheni. Dumu la mawese liwekwe ndani ya ndoo yenye kifuniko, au shuka zote zitafika nyekundu. Dagaa wakauke kweli kweli. Chandarua. Nguo nyepesi, Oktoba ya Tabora ina joto ambalo sisi wa ziwani hatujalizoea. Vyeti halisi abebe mwenyewe kifuani, visiingie kwenye begi la mizigo.

Hatua ya 8: Maneno ya kusema kabla hajaondoka

Jifunzeni lugha yao. Sapu ni mtihani wa marudio baada ya kufeli somo. Kudisko ni kuondolewa chuoni kwa matokeo mabaya. Kijana anaweza kukaa na sapu nne bila nyumbani kujua, kwa sababu siku ya kumuaga mjomba alisema, "Usituaibishe." Mwanangu alinificha sapu mbili za mwaka wa kwanza. Aliniambia mwezi Agosti, analia, amekonda, na niliumia zaidi kujua alikuwa akizibeba peke yake tangu lini.

Kwa hiyo kwenye kikao, mkubwa wa ukoo aseme wazi mbele ya wote: ukifeli somo, piga simu siku hiyo hiyo, hutagombezwa kwenye simu. Aseme na jambo la mimba, na la kuumwa, na la huzuni isiyo na jina. Msimwachie mama aseme peke yake chumbani. Kisha mpange siku ya simu. Kwetu ilikuwa Jumapili baada ya misa, na swali langu la kwanza halikuwa la masomo. Nilimuuliza jana usiku alikula nini. Akisita kujibu, Jumatatu natuma kitu.