Faili tatu, tarehe tatu: jinsi ya kutoa maoni kuhusu nyumba za umma zinazopakana na mbuga ya Nairobi

Mradi wa nyumba za umma jijini hupita milango mitatu kabla ya tingatinga kufika: bajeti, kibali cha ujenzi na leseni ya mazingira. Kila mlango una faili yake, afisa wake na tarehe yake ya kufungwa. Wakazi wengi humaliza maneno yote katika baraza moja, mbele ya mwakilishi wa wadi, kisha wanashangaa hakuna kilichobadilika. Karani wa kamati ya bajeti hawezi kusogeza jengo mbali na uzio wa mbuga, na afisa wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hawezi kukueleza pesa za mtaro zilikwenda wapi. Maelezo haya ni ya vikundi vya wakazi wanaotaka neno lao liingie katika faili inayolihusu, kwa wakati wake.

Kiwanja kiko wapi, na ni cha nani

Anzeni na ramani. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946 na ina kilomita 117 za mraba. Pande tatu zimezungushiwa uzio. Upande wa kusini, kwenye Mto Mbagathi, umeachwa wazi ili nyumbu na pundamilia watoke kwenda nyanda za Athi-Kapiti na kurudi. Kwa hiyo kiwanja cha Lang'ata au South C hakina shida sawa na kiwanja cha ng'ambo ya Mbagathi. Kaskazini hoja zenu ni taa za usiku, kelele, takataka na majitaka. Kusini hoja ni moja kubwa: ushoroba wa wanyama kuzibwa. Tena mkivuka Mbagathi mmeshatoka Nairobi. Ongata Rongai na Kitengela ziko Kajiado, na barua iliyopelekwa City Hall, makao ya kaunti ya Nairobi, kuhusu kiwanja cha huko itakaa mezani mpaka ipigwe vumbi.

Kisha ulizeni pesa zinatoka mfuko gani. Katiba, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti kazi ya nyumba, lakini sera ya nyumba na ulinzi wa wanyamapori vimebaki kwa serikali kuu. Mitaa kongwe ya Eastlands kama Jericho na Maringo ni ya kaunti, ila ghorofa za nyumba nafuu hujengwa kwa ushuru wa nyumba chini ya sheria ya mwaka 2024: asilimia 1.5 ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi na kiasi hicho hicho kutoka kwa mwajiri. Pesa hizo husimamiwa na Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu na hazipiti katika bajeti ya kaunti. Mkizitafuta City Hall mtatafuta sindano kwenye nyasi. Kinachoweza kuwa katika bajeti ya kaunti ni vitu vya pembeni: barabara ya kuingilia, mitaro, taa, zahanati, shule ya chekechea. Msividharau, maana ndivyo huamua kama maji ya mvua yataishia mtaroni au mlangoni kwa jirani.

Faili ya pesa

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Watu hujitokeza Mei na Juni, bajeti inapozungushwa kwenye wadi, na wakati huo chungu kimeshaepuliwa. Kalenda iliyo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ni hii:

- Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti. Hapa ndipo mradi huingia au hukosa kuingia.
- Februari 28: taarifa ya mkakati wa fedha, inayoweka kiwango cha juu cha kila idara.
- Aprili 30: makadirio ya bajeti hupelekwa bungeni.
- Juni 30: bunge la kaunti liwe limeyapitisha.

Kama mnataka mtaro wa Sh20 milioni, uombeni Julai au Agosti, mpango wa mwaka unapoandikwa. Mwezi Mei kuongeza mtaro ni kupunguza kitu kingine, na lazima muonyeshe ni kipi. Andikeni waziwazi: "Tunapendekeza Sh20 milioni zitoke kwenye fungu fulani, ukurasa fulani, ziende kwenye mtaro wa barabara fulani." Ombi lisilotaja fungu la kukatwa hupokewa kwa tabasamu. Fedha za maendeleo ya wadi nazo, katika wadi zote 85 za Nairobi, zinafaa kwa taa, vivuko na barabara za ndani. Hazijengi ghorofa, hata mheshimiwa akiahidi nini.

Bajeti kupitishwa si kusema pesa zimetoka. Somo hili wengi hulipata kwa uchungu, hasa katika kaunti yenye madeni makubwa ya wakandarasi kama Nairobi. Someni ripoti za Mdhibiti wa Bajeti na mlinganishe namba tatu: kilichoidhinishwa, kilichotolewa na hazina, na kilichotumika. Tuseme fungu la mitaro lilipewa Sh100 milioni, zikatolewa 22, zikatumika 20. Hapo idara haina kosa kubwa, kwa kuwa pesa hazikuifikia. Lakini zikitolewa 90 na zikatumika 20, tatizo liko kwenye zabuni au kwenye idara yenyewe. Malalamiko yenu yatakuwa tofauti kabisa, na yataelekezwa kwa mtu tofauti.

Faili ya ramani

Hii ya kibali ni fupi na ndiyo inayopita watu usingizini. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi huwapa wakazi siku 14 kupinga. Tangazo huwa dogo gazetini, na kwa kawaida lipo pia kwenye kibao kiwanjani. Mkikiona, pigeni picha siku hiyo hiyo, tarehe ionekane. Uamuzi wa kaunti ukitoka na hamkuridhika, rufaa huenda kwa kamati ya upatanisho ya mipango ya kaunti, nako ni siku 14, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Faili ya mazingira

Hapa ndipo nguvu yenu kubwa ilipo, na ndipo kazi ilipo pia. Mradi mkubwa wa nyumba hauwezi kuanza bila tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA. Tangazo la kualika maoni hutokea katika Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka Ijumaa, na katika magazeti. Jarida la matangazo ya serikali, MyGov, hutoka Jumanne. Wekeni mtu mmoja wa kuangalia vyote viwili kila wiki. Tangazo hutaja muda, kwa kawaida siku 30, pamoja na ofisi ambako ripoti inaweza kusomwa.

Msisubiri ripoti kwa njia ya ombi la habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu, na anaweza kujiongezea 14. Zote ni 35, na dirisha lenu limeshafungwa. Nendeni wenyewe katika ofisi iliyotajwa, NEMA makao makuu au ofisi ya kaunti, mkasome na kupata nakala. Ombi la habari litumieni kwa vitu vingine: mkataba wa ardhi, ramani za majitaka, orodha ya wapangaji watakaohamishwa. Linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na kuliwasilisha hakulipiwi. Likikataliwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30.

Ripoti ni kitabu kinene. Wala msianze na ukurasa wa kwanza, fungueni viambatisho. Tazameni dodoso za wakazi: zimejazwa mtaa gani, tarehe gani, na watu wangapi? Ni kawaida kukuta karatasi zenye mwandiko mmoja, au za mtaa ulio kilomita kadhaa kutoka kiwanjani. Kisha rudini mtazame mambo manne.

Kwanza, majitaka. Pigeni hesabu wenyewe. Nyumba 2,000, watu wanne kila nyumba, lita 100 kwa mtu kwa siku, ni lita 800,000. Asilimia 80 hurudi kwenye bomba la majitaka, yaani mita za ujazo 640 kila siku. Ripoti inasema zitaingia bomba la kipenyo gani, linalokwenda wapi, na kampuni ya maji imethibitisha kwa barua? Bila barua hiyo, shimo litafurika na uchafu utafuata mteremko hadi mtoni.

Pili, mto. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zinazuia ujenzi kwenye ukingo, kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande kulingana na kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Angalieni walipima kutoka wapi. Aliyepima kutoka maji ya Januari amepima kijito. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaonyesha watu wa Mathare na Mukuru mto wenyewe.

Tatu, wanyama. Uchunguzi ulifanywa mwezi gani, na kwa siku ngapi? Siku mbili za mchana haziwezi kusema lolote kuhusu fisi au chui. Msimu nao ni muhimu, kwa kuwa wanyama walao nyasi hutawanyika nje ya mbuga mvua ikinyesha na kurudi kwenye maji ya mbugani wakati wa kiangazi. Ripoti ya msimu mmoja imeona nusu ya picha. Tafuteni pia barua ya KWS, shirika la wanyamapori, na msome masharti yake, maana mara nyingi ripoti husema tu kwamba KWS "ilihusishwa". Kama mradi unagusa mpaka wenyewe wa mbuga, leseni ya NEMA haitoshi: chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, mpaka haubadilishwi bila idhini ya Bunge.

Nne, njia mbadala. Ripoti lazima ieleze kwa nini hapa na si kwingine. Aya mbili za kunakili hazijibu swali hilo.

Kuandika wasilisho

Kurasa tatu zinatosha. Jina la mradi na namba ya marejeo iliyo kwenye tangazo ziwe juu kabisa, kwa kuwa barua isiyo na namba hupotea. Kila hoja iwe na vipande vitatu: ukurasa wa ripoti, kasoro, na mnachotaka. Kwa mfano:

"Ukurasa wa 64 unasema taa za nje zitawaka usiku kucha upande unaotazama mbuga. Ripoti haisemi mwanga huo utafika umbali gani. Tunaomba sharti la leseni: taa zifunikwe zitazame chini, na zile zilizo ndani ya mita 50 kutoka uzio zizimwe saa nne usiku."

"Tunapinga mradi" peke yake ni sentensi ambayo afisa hana pa kuiweka. Sharti mahususi anaweza kulinakili kwenye leseni. Na kama mnapinga kabisa, bado andikeni masharti mnayotaka iwapo mtashindwa. Wengine huona huko ni kujisaliti. Sisi tunaona ni kuweka akiba.

Fomu mia moja za kunakiliana huhesabiwa kama hoja moja. Afadhali barua sita zenye mambo sita: mpangaji kuhusu makazi ya muda na haki ya kurudi, mwalimu kuhusu nafasi za shule, mwendesha bodaboda kuhusu barabara. Wapangaji waambatishe risiti za kodi na namba za nyumba. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo nyumbani. Tumeni na barua pepe pia.

Ombeni mkutano wa hadhara baada ya ripoti kutoka. Mkutano uliofanyika kabla hauwezi kuwa uliijadili ripoti ambayo haikuwepo. Juni 26, 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa wa Lamu, na upungufu katika kushirikisha wananchi ulikuwa miongoni mwa sababu kuu.

Leseni ikitoka

Rufaa kwa jopo hilo ni ndani ya siku 60, na msitarajie kuongezewa. Pamoja na rufaa, ombeni amri ya kusimamisha kazi. Msidhani ujenzi utasimama wenyewe. Ibara ya 70 ya Katiba nayo inamruhusu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuonyesha hasara yake binafsi.

Kama hamkati rufaa, chukueni nakala ya masharti ya leseni na kuyabandika pale wakazi wanapopita. Kila sharti mlipe mtu wake wa kulifuatilia: wa taa, wa majitaka, wa udongo unaomwagwa usiku. Picha, tarehe na saa viingie kwenye daftari moja. Mkimwandikia NEMA, tajeni namba ya sharti lililovunjwa kabla ya kueleza kilichotokea.